Wote Waliolazwa Wamejifungua Salama

Nchi hii sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka hapendi kuitwa kituoni kueleza alikuwa na maana gani. Wasomaji wangu ni watu wazima. Mkidhani mnaifahamu, hilo ni shauri lenu, na tafadhali msiniandikie kuniuliza.

Yote yalianza na hotuba. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Mlezi kwa sababu sheria inataka tumwite hivyo, alisimama siku ya sherehe za taifa akasema, "Baadhi ya mawaziri wangu ni waaminifu." Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Lakini jioni, vijiweni, wakaanza kuulizana: ikiwa baadhi ni waaminifu, hao wengine je? Gazeti moja likajitia kujua, likachapa majina ya hao wengine. Baada ya hapo tulifungia maandazi kwa magazeti mengine, maana hilo halikuonekana tena.

Ndipo likaundwa Baraza la Hitimisho Halali. Mwenyekiti wake, Profesa Nikodemu Sangwa, alikuwa amesomea mantiki ng'ambo mpaka akaota mvi, akarudi nyumbani akakuta hakuna anayeihitaji. Alipopewa kazi hii aliishika kwa mikono miwili. Alitueleza redioni, kwa sauti ya mtu anayemwogesha mtoto, kwamba neno "baadhi" halisemi chochote juu ya waliobaki.

"Nikisema baadhi ya vidole vyangu vina kucha," alisema, "je, nimesema kuna kidole kisicho na kucha? Sikusema mimi. Umesema wewe, moyoni mwako, na huo moyo wako ndio wa kuhojiwa."

Na lazima niwe mkweli: alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililotuchosha kuliko yote. Nasikia kuna nchi ambazo serikali husema uongo, na wananchi wake hupata burudani ya kuugundua. Yetu haikusema uongo hata siku moja. Kila sentensi iliyotoka Barazani ilikuwa imepimwa, imechujwa, na ni ya kweli tupu. Kosa lilikuwa daima letu, sisi tuliosikia kisha tukaenda mbele zaidi ya tulichosikia. Kosa hilo lilipewa jina, kuhitimisha bila kibali, likapata na adhabu yake.

Mimi ni fundi redio. Mezani kwangu kuna redio za watu wa mtaa mzima, na nikizijaribu zote kwa pamoja, Profesa huzungumza kutoka kila upande. Kila baada ya taarifa ya habari kilikuja kipindi chake cha Hitimisho Halali la Leo. "Baadhi ya barabara za mkoa zimewekwa lami. Raia anaruhusiwa kuhitimisha kwamba lami ipo. Raia haruhusiwi kuhitimisha kwamba kuna barabara isiyo na lami, hata kama amesimama juu yake." Siku nyingine: "Mawaziri wote waliopatikana na hatia ya wizi wako gerezani." Hakupatikana na hatia hata mmoja, kwa hiyo sentensi ilikuwa kweli kabisa, na kwa muda mrefu Profesa alitueleza uzuri wake, huku akicheka peke yake.

Taratibu tukazoea. Hata salamu zilibadilika. Mtu akikuuliza, "Hamjambo nyote nyumbani?" ulijibu, "Baadhi yetu hatujambo," na yeye, kama ana malezi, hakuuliza zaidi.

*

Sasa niwaeleze wodi.

Hospitali yetu ya wilaya ilijengewa wodi ya wazazi. Ilikuwa nzuri, sina ubishi. Vigae vyeupe, madirisha ya vioo, vitanda vya chuma vilivyokuja na nailoni zake. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kama za dukani: WAJAWAZITO WOTE WALIOLAZWA WODI HII WAMEJIFUNGUA SALAMA. Sentensi hiyo iliandikwa kabla rangi ya kuta haijakauka, kabla hajafika mjamzito yeyote. Na siku hiyo pia ilikuwa kweli.

Ugumu ulikuwa kuilinda. Sentensi yenye neno "wote" ni kitu dhaifu sana. Mtu mmoja tu akiharibikiwa, imekwisha. Baraza likatafakari, likatoa utaratibu. Wajawazito watasubiri nje, barazani, chini ya bati. Atakayejifungua salama ataingizwa wodini na mtoto wake, atalazwa, atapigwa picha, atapewa kipande cha sabuni, kisha ataruhusiwa kwenda nyumbani. Huko ndiko tulikokuita kulazwa. Wanawake walijivunia jambo hilo. Picha zilitundikwa sebuleni: mama kajinyoosha juu ya nailoni, mtoto mkononi, sabuni kifuani.

Wale ambao mambo hayakuwaendea vizuri barazani hawakulazwa. Walichukuliwa na ndugu zao kupitia geti la nyuma, na sentensi ile haikuwahusu kwa lolote.

Watu wa vijiji vya mbali hawakuujua utaratibu huu. Wao walisikia sentensi redioni tu, wakaielewa walivyoielewa, wakawabeba wake zao kwa machela na baiskeli kuja kwenye wodi ambayo hakuna anayeharibikiwa. Kadiri sentensi ilivyozidi kutangazwa, ndivyo baraza lilivyozidi kujaa.

*

Zenaida ni mtoto wa dada yangu Leokadia. Mumewe yuko machimboni, huleta salamu zaidi kuliko anavyoleta mwili wake. Uchungu ulipomshika, tulimpeleka hospitali asubuhi, mimi nikiwa nimebeba beseni na dada yangu amebeba kila kitu kingine.

Siku hiyo, kwa bahati ambayo mpaka leo sijui niiite njema au mbaya, ilikuwa sikukuu ya kuadhimisha sentensi. Uwanja wa hospitali ulikuwa na maturubai, spika na jenereta, na vitambaa vya rangi ya taifa vimefungwa kwenye mlango wa wodi. Profesa Sangwa mwenyewe alitarajiwa.

Barazani tulimkuta mwanamke anaitwa Skolastika na mama yake, Bi Anastela. Walikuwa wametoka mbali, wamefika kabla yetu. Skolastika alimsogelea mama yake akampisha Zenaida kwenye mkeka, akasema, "Kaa hapa dada, huku upepo unafika." Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye kuuma kona ya kanga.

Mkunga mkuu, Sista Editruda, alitoka akampima Zenaida. Alikuwa mama mnene, mwenye mikono mizuri, na uso wa mtu aliyekwisha kuomba uhamisho mara nyingi. Alimpapasa tumbo, akapapasa tena. Kisha akamvuta dada yangu pembeni, nami nikafuata.

"Mtoto amekaa mkingamo," alisema. "Hatatoka hivi. Anataka kupasuliwa."

"Basi mpasueni, Sista," dada akasema. "Si ndiyo tumekuja?"

"Chumba cha kupasulia kiko ndani ya wodi."

"Basi mwingizeni ndani."

Sista alimtazama kwa huruma iliyochakaa. "Mama Zenaida, haingii mtu kabla hajajifungua salama."

"Lakini si imeandikwa pale juu? Wote waliolazwa wamejifungua salama. Tumetoka nyumbani kwa sababu ya hayo maneno. Mlaze, ajifungue salama kama wenzake."

"Umeishika sentensi kwa mkia, mama. Si kwamba anayelazwa ndiye anajifungua salama. Anayejifungua salama ndiye analazwa."

Dada yangu hakusoma sana, lakini si mtu wa kuzungushwa. Alisimama pale akiitazama ile buluu juu ya mlango, midomo ikicheza. Nyuma yetu Zenaida aliguna, sauti ya chini, ya mtu anayeona aibu kuumia mbele za watu. Nilitamani kuwa kipofu na kiziwi.

"Na kama hatapasuliwa?" niliuliza.

Sista Editruda alitazama kule kwenye geti la nyuma. Nilijuta kuuliza.

*

Profesa alifika na msafara. Alikuwa mfupi, nadhifu, tai imemkaba. Alishika kipaza sauti akatuambia kwamba nchi chache duniani zina sentensi kama yetu, kwamba wageni wameiomba wakaigeze kwao, na kwamba neno "wote" ni kilele ambacho mataifa makubwa yamekikimbia, yakajificha nyuma ya "wengi." Tulipiga makofi. Skolastika naye alipiga, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kiunoni.

Dada yangu akanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Mheshimiwa Profesa, nina swali la hitimisho."

Profesa uso ulimng'aa. Nadhani katika miaka yote ile hakuna raia aliyewahi kumwuliza swali kwa hiari yake. "Uliza, mama yangu! Uliza!"

"Wajawazito wote waliolazwa humu wamejifungua salama. Ndiyo maneno yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na ni kweli leo, kesho na siku zote?"

"Siku zote! Baraza limethibitisha."

"Basi binti yangu akilazwa, atajifungua salama."

Profesa alifumba macho kama anayeonja mchuzi. "Hitimisho halali," alisema. "Halali kabisa! Mnamsikia mama? Kutoka wote kwenda kwa mmoja, safi, bila kuyumba. Apigiwe makofi." Tukapiga.

"Ahsante, baba. Sasa nifungulie mlango."

"Uhalali, mama, ni sifa ya hitimisho. Si sifa ya mlango."

Watu walicheka, kwa kuwa alikuwa amesimama mahali pa kuchekewa. Dada yangu hakucheka. Alikuwa amefumba ngumi ndani ya kanga, lakini sauti ilitoka imenyooka.

"Profesa, mimi naiamini ile sentensi. Ndiyo maana nataka binti yangu aingie. Wewe unakataa asiingie. Unaogopa nini? Unaogopa ataingia kisha asijifungue salama? Basi wewe ndiye huiamini."

Mlangoni alisimama askari wa Baraza, ambaye kazi yake kubwa ni kuwakamata wanaotilia shaka sentensi za serikali. Yule askari, kwa mazoea tu, aligeuza shingo akamtazama Profesa. Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo kazi aliyofundishwa.

Profesa alilegeza tai. Alikuwa mtu wa mantiki na alijua amefika ukutani. Akasema, kwa sauti isiyohitaji kipaza, "Mfungulieni."

*

Tulimwingiza Zenaida kwa mkeka ule ule. Ndani palinuka rangi na nailoni. Sista Editruda alirarua nailoni ya kitanda cha kwanza kwa meno, akafungua bomba, bomba likatoa hewa. Akafungua makabati, na ndani ya makabati mlikuwa na sabuni za zawadi.

Alitoka mlangoni akamkabili Profesa mbele ya waandishi wote. "Mheshimiwa, hapa hamna maji. Hamna dawa ya usingizi, hamna damu, hamna daktari. Huyu mama atafia humu ndani. Wodini. Akiwa amelazwa."

Mimi nimeishi na redio maisha yangu yote, najua sauti ya kitu kinachoungua ndani. Profesa alitoa sauti hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu nchi yetu ipate sentensi, palikuwa na mwanamke mmoja ambaye uhai wake na neno la serikali vimelala kitanda kimoja. Akifa yeye, limekufa na hilo.

Mungu wangu, mngeona serikali ilivyokimbia! Profesa alipiga simu huku akipiga kelele. Daktari bingwa wa wakubwa aliletwa bado amevaa kandambili. Damu ilikuja ndani ya gari la king'ora kutoka hospitali ambayo sisi huiona kwenye kalenda. Jenereta la spika lilivutwa mpaka dirishani. Gari la zimamoto, ambalo tulikuwa tukidhani ni la maonyesho, lilileta maji. Waziri alishuka kwenye gari akiuliza, "Yuko wapi Zenaida? Anaendeleaje Zenaida?" kana kwamba walicheza pamoja utotoni. Profesa alitembea huku na huko mbele ya mlango, anafuta jasho, anakung'uta vidole, na mtu asiyejua angempa pole akidhani ndiye mume.

Nilikuwa na furaha, siwafichi. Nilikaa ngazini nikalia kwa furaha kwamba hatimaye mtu fulani huko juu ana sababu ya kumtaka mtoto wetu awe hai.

Wote hao, ili kuingia ndani, iliwabidi wapite barazani. Na barazani Skolastika alikuwa ameanza kutoka damu.

Dada yangu alikuwa wa kwanza kuiona. Alimshika Profesa mkono wa koti. "Baba, na huyu hapa nje! Naye mwingizeni!"

"Mama, tafadhali," Profesa alisema, na nadhani alikuwa akimsihi kweli. "Aliye ndani tayari amelihatarisha neno. Huwezi kuniongezea hatari juu ya hatari."

"Basi daktari amtazame hapa hapa!"

"Daktari huyu na damu hii vimeidhinishwa kwa ajili ya aliyelazwa. Huyo hajalazwa."

"Vitanda si vipo?"

"Sijasema havipo," alijibu Profesa, na akamwashiria askari, na askari akafunga mlango, dada yangu akiwa ndani na mimi nikiwa nje.

Sista Editruda alitokea dirishani, akaruka, mwanamke mnene vile, akaanguka magoti pembeni ya Skolastika. Hakuwa na kitu mikononi ila mikono yenyewe. Bi Anastela alimpakata binti yake kichwa, anampepea kwa kitambaa cha rangi za taifa kilichodondoka mlangoni. Daktari wa pili alifika, akawaruka, akafunguliwa mlango. Aliyebeba chupa za damu alipita, akasema "samahani," akawaruka. Nilimshika huyo shati. Aliniambia kwa upole niliachie, kwa kuwa ana haraka ya kumwokoa mpwa wangu. Niliachia.

*

Zenaida alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye hasira. Waziri alimbeba. Picha zilipigwa mpaka mtoto akapiga chafya. Redio zote mezani kwangu zilitangaza jioni kwamba wajawazito wote waliolazwa wodi ile wamejifungua salama, na Profesa, sauti imekauka, akaongeza kwamba raia wanaruhusiwa kufurahi.

Baraza halikulala. Lilikuwa limejifunza kwamba mlango ni udhaifu katika hoja, kwa hiyo wakajenga ukuta pale mlango ulipokuwa, wakapaka rangi, wakaisogeza sentensi chini kidogo ili isomeke vizuri. Sista Editruda alipata ule uhamisho, ingawa si alikoomba. Askari wa mlangoni alifunguliwa mashtaka ya kugeuza shingo.

Skolastika alikufa barazani, alasiri, na mtoto wake tumboni. Alipitishwa geti la nyuma.

Tulikwenda mazikoni, mimi na dada yangu. Zenaida alitaka kuja, tukamkataza, bado mshono ulikuwa mbichi. Leokadia alikuwa ameukunja ule mkeka, ameufua, anaurudisha kwa wenyewe.

Bi Anastela alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Hakuna aliyetutukana. Ningependa wangetutukana. Alipokea mkeka, akauweka magotini, akampa dada yangu nafasi ya kukaa. Wakakaa bega kwa bega, wanatazama watu wanaoshindilia udongo. Baadaye Bi Anastela akamgeukia.

"Mama Zenaida, mwenzangu, nikuulize kitu. Mlipoingia mle ndani."

"Niulize."

"Vitanda vilivyokuwa vitupu vilikuwa vingapi?"

Niliomba Mungu dada yangu aseme baadhi. Angesema baadhi, na hakuna mtu duniani ambaye angemwita mwongo.

"Vyote," alisema Leokadia.